Waliotembea hadi Nairobi kwa ajili ya ng'ombe wao

Wasomaji wangu, leo tuache programu kidogo. Najua wengine mmekuja kusoma mambo ya hifadhidata na Linux, lakini kuna kisa kimoja cha hapa Machakos ambacho kimenikaa kichwani muda mrefu, na nadhani kinatuhusu hata sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta.

Tuanze na jina. Katikati ya Nairobi kuna mtaa unaoitwa Muindi Mbingu. Ukiwa na kazi za mjini umeupita mara nyingi. City Market, lile soko kubwa lenye mabucha na wauza maua, liko kwenye mtaa huo. Sasa muulize mtu yeyote pale: Muindi Mbingu ni nani? Wengi watakujibu, "Si ni mmoja wa wale wapigania uhuru?" Halafu basi, hadithi imeishia hapo.

Kumbe huyu bwana alikamatwa mwaka 1938 na kupelekwa uhamishoni Lamu kwa sababu ya ng'ombe. Alikuwa akiongoza Wakamba waliokataa mifugo yao ichukuliwe kwa lazima na kupelekwa mnadani. Ajabu ni kwamba leo jina lake limebandikwa kwenye mtaa wa wauza nyama. Sijui kama waliochagua mtaa walitabasamu.

Kisa chenyewe, hata hivyo, si cha kuchekesha. Na ili kukielewa inabidi tuanzie mbali kidogo, Marekani.

Vumbi la Marekani linafika Machakos

Miaka ya 1930 mashamba ya nyanda za kati za Marekani yalipatwa na balaa. Watu walikuwa wamelima nyasi zote wakapanda ngano, kisha ukame ukaingia, na udongo ukaanza kupeperuka. Mwezi Mei 1934 dhoruba moja ya vumbi ilitoka huko bara ikafika hadi New York na Washington. Tarehe 14 Aprili 1935 ilikuja nyingine iliyogeuza mchana kuwa usiku. Mwezi huohuo bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo, ikaundwa idara maalumu ya serikali chini ya Hugh Hammond Bennett.

Habari hizo zilizunguka dunia nzima. Maafisa wa Kiingereza waliokuwa Afrika Mashariki walizisoma, wakatazama vilima walivyokuwa wakivitawala, wakaingiwa na hofu. Na kilima kilichowatisha kuliko vyote kilikuwa cha kwetu.

Tuwe wakweli: hofu ile haikuwa ya bure. Machakos ya miaka hiyo ilikuwa katika hali mbaya. Nzige walikuwa wamepita mwishoni mwa miaka ya 1920, ukame ukafuata, halafu ukaja mwingine katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1937 afisa wa kilimo aliyeitwa Colin Maher alizunguka wilaya akaandika ripoti ndefu juu ya mmomonyoko wa udongo. Mwaka huohuo zilipigwa picha. Ukiziona leo hutaamini ni Machakos: vilima vipara, makorongo yamekata ardhi kama makovu, majani hakuna. Maher aliona nchi inayokufa na watu wanaoteleza kwenye ufukara usio na tumaini.

Sasa mwenye kutafuta hitilafu ndani ya programu anajua kwamba kuona dalili ni jambo moja, na kupata chanzo ni jambo jingine. Dalili Waingereza waliiona sawasawa. Chanzo walichokitaja kilikuwa kimoja: ng'ombe ni wengi mno. Na dawa yake ikawa rahisi kuitamka: wapunguzwe.

Ng'ombe walizidi wapi?

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuvutia. Hesabu yao ilikuwa ya kugawanya. Chukua idadi ya ng'ombe, gawanya kwa eneo la ardhi, linganisha na idadi ambayo wataalamu wanasema ardhi inaweza kuibeba. Jibu likizidi, mifugo imezidi. Hesabu safi kabisa. Lakini yeyote aliyewahi kuandika programu atauliza: hizi namba mbili mlizoingiza zimetoka wapi?

Tuchukue ile ya chini, eneo la ardhi. Kabla ya Waingereza, Mkamba hakuwa akilisha ng'ombe wake nyumbani mwaka mzima. Milimani watu walilima, na mifugo ilipelekwa kwenye nyanda za chini mvua ikipungua. Walipokuja wakoloni, mapema katika karne ya 20, waliweka mipaka ya kile kilichoitwa rizavu. Milima ya Mua, ambayo ukiwa mjini Machakos unaiona upande wa kaskazini-magharibi, ikapewa walowezi. Nyanda nyingine zikawa mashamba makubwa ya Wazungu. Yatta, ng'ambo ya mto Athi, ikahesabiwa kuwa ardhi ya Taji la Uingereza, na kuingiza ng'ombe huko kukawa kwa ruhusa na masharti.

Kwa hiyo namba ya chini ilikuwa imekatwa na serikali yenyewe. Ukikata eneo kisha ukagawanya, jibu litapanda hata kama hakuna ndama mmoja aliyeongezeka.

Namba ya juu nayo ilikuwa na mkono wa serikali. Kwa miaka mingi rizavu ya Wakamba iliwekwa chini ya karantini ya mifugo, kwa sababu ya magonjwa. Maana yake, Mkamba aliyetaka kuuza ng'ombe nje ya eneo lake hakuruhusiwa. Walowezi, waliokuwa pia wakifuga na kuuza, hawakulia kwa jambo hilo. Hivyo mtu anazuiwa kuuza mwaka baada ya mwaka, halafu siku moja anaitwa barazani kuambiwa, "Nyinyi mna ng'ombe wengi, hamtaki kuuza."

Kuna jingine ambalo halikuingia kwenye hesabu hata kidogo: kazi ya ng'ombe. Kwa afisa, ng'ombe alikuwa nyama, na ng'ombe mwembamba alikuwa nyama mbaya. Kwa mwenyewe, ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana, benki ya familia, na bima ya mwaka ambao mvua haikuja. Watu waliokuwa wametoka kwenye njaa juzi tu waliambiwa wapunguze akiba yao kwa faida yao wenyewe. Hebu jiweke mahali pao.

Kiwanda Athi River

Katikati ya mjadala huo kulitokea kampuni. Liebig's ilikuwa kampuni kubwa ya Kiingereza ya kutengeneza supu nzito ya nyama na nyama za makopo, na tayari ilikuwa na kiwanda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Ilikubaliana na serikali ya Kenya kujenga kiwanda Athi River. Ukipita leo barabara ya Mombasa mahali hapo pamejaa viwanda vya saruji na magorofa, lakini wakati huo kulikuwa na reli, uwanda na swala. Kiwanda hicho baadaye kilikuja kuwa cha Kenya Meat Commission, ile KMC tunayoijua.

Kiwanda cha aina hiyo kinaishi kwa kitu kimoja: ng'ombe wengi, kila siku, kwa bei ya chini. Ng'ombe wa walowezi walikuwa na bei nzuri zaidi sokoni. Wa rizavu ndio walioweza kuwa wa bei ya chini, mradi wenyewe wauze. Na wenyewe hawakuwa na haraka ya kuuza.

Hapo hoja ya udongo na hoja ya biashara zikashikana mikono. Mwanzoni mwa mwaka 1938 upunguzaji wa mifugo ukawa wa lazima katika wilaya ya Machakos. Kila mwenye ng'ombe alipangiwa idadi ya kubaki nayo. Waliobaki walipigwa chapa. Waliozidi walipelekwa mnadani.

Katika minada ile bei zilikuwa duni, kama ilivyo katika kila mnada ambao muuzaji halazimiki kukubaliana na bei bali analazimishwa kuuza. Na si ng'ombe wote walioishia kwenye makopo. Wengine walinunuliwa na walowezi, wakapelekwa kulishwa kwenye mashamba ya ng'ambo ya mpaka. Mkamba alisimama akamtazama ng'ombe wake, yule aliyeambiwa anaiua ardhi, akila majani kwenye ardhi ambayo babu yake alikuwa akichunga. Sidhani kulihitajika mwanasiasa wa kumweleza maana yake.

Watu wanaondoka

Moto uliwaka zaidi Ngelani, karibu kabisa na milima ile ya Mua iliyochukuliwa. Huko ndiko alikotoka Samuel Muindi Mbingu. Yeye na wenzake, akiwemo Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi na Simon Kioko, waliunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Baadhi ya viongozi walikuwa wamesoma, lakini waliowafuata walikuwa watu wa kawaida, wazee kwa vijana. Kiapo kilitumika pia, kwa desturi ya Kikamba, ili wote wasimame pamoja na asiwepo wa kwenda kuuza kisirisiri.

Kwanza walifanya yale yanayotarajiwa: kuandika barua, kutuma malalamiko, kungoja. Majibu hayakuwa ya maana. Ndipo mwishoni mwa Julai 1938 wakafanya jambo ambalo utawala haukulitarajia kabisa. Waliondoka. Kama watu 2,000, wanaume, wanawake na watoto, walishika njia kwenda Nairobi kumwona Gavana mwenyewe.

Kutoka Machakos hadi Nairobi ni kama kilomita 65. Leo kwa matatu ni saa moja na nusu, ukikwama Mlolongo ni zaidi. Wao hawakwenda kwa ziara ya siku moja. Walipofika Nairobi walipiga kambi, na wakakaa. Siku zikawa wiki, na wiki zikaongezeka. Hawakupiga mtu, hawakuchoma kitu. Walikaa tu wakisema wanangoja kuzungumza na Gavana.

Gavana alikuwa Sir Robert Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga. (Wapenzi wa historia ya vita mnamfahamu kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa amiri mkuu wa majeshi ya Uingereza Mashariki ya Mbali, makao yake Singapore, Wajapani waliposhambulia mwaka 1941.) Kwa desturi ya ukoloni, mwananchi hazungumzi na Gavana. Anazungumza na chifu, chifu anazungumza na DC, DC anaandika barua. Kukubali kuonana na watu waliojipeleka wenyewe ilikuwa ni kukubali kwamba ngazi hiyo inaweza kurukwa. Kwa hiyo Gavana hakukubali kuonana nao Nairobi. Alisema rudini kwenu, nitakuja Machakos.

Baraza la Machakos lilifanyika. Gavana alizungumza, lakini sera hakuibadilisha pale. Muindi Mbingu akakamatwa mwaka huohuo na kupelekwa Lamu. Kisiwa hicho leo watu wanakilipia kwenda kupumzika. Yeye alipelekwa kwa nguvu, mbali na watu wake, mbali na ng'ombe.

Kwa kawaida visa vya miaka hiyo huishia hapo: kiongozi anafungwa, watu wanatulia, amri inaendelea. Hiki hakikuishia hapo. Watu hawakutulia. Na kabla ya mwaka 1938 kwisha, serikali iliacha kuwalazimisha. Upunguzaji ukawa wa hiari, maana yake ukafa.

Kwa nini walirudi nyuma?

Nadhani hili ndilo swali la maana, kwa sababu wakati huo serikali ya kikoloni haikuwa na mazoea ya kushindwa na watu waliokaa chini.

Sababu moja ni kelele. Wakamba hawakuwa peke yao. Kikuyu Central Association iliwaunga mkono. Jomo Kenyatta alikuwa London na aliandika juu yao katika magazeti. Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, aliwasaidia. Maswali yakaulizwa katika bunge la Uingereza. Jambo la wilaya moja likawa jambo la kujibiwa London, na wakubwa wa London hawapendi kujibu maswali ya ng'ombe.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni bunduki, na bunduki zenyewe zilikuwa mikononi mwa Wakamba. Jeshi la King's African Rifles na polisi vilikuwa na Wakamba wengi kupita kiasi cha idadi yao nchini. Kumbuka ni mwaka gani. Italia ilikuwa imeshaichukua Ethiopia mwaka 1936, jirani kabisa na mpaka wa Kenya. Ulaya ilikuwa inanuka vita. Askari ambaye ng'ombe wa baba yake wanauzwa mnadani kwa nguvu si askari wa kumpa zamu ya usiku ukalala usingizi. Hili watawala walilielewa bila kufundishwa.

Hawakusamehe, hata hivyo. Mwezi Mei 1940, vita vikiwa vimeanza, serikali ilipiga marufuku vyama vitatu kwa pamoja: Kikuyu Central Association, Taita Hills Association, na chama cha Muindi Mbingu.

Ndugu zao wasiowajua

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilikutana na nyingine inayofanana nayo hadi unashtuka. Wale wanaopenda usimbaji wa siri wanawajua Wanavajo wa Marekani, wenyeji asilia ambao vijana wao, kuanzia 1942, walitumia lugha yao kupeleka ujumbe wa siri wa jeshi la Marekani katika vita dhidi ya Japani. Hadithi hiyo imepigiwa filamu. Isiyosimuliwa sana ni ile iliyotangulia.

Kuanzia 1933 serikali ya Marekani iliwaambia Wanavajo hayohayo: mifugo yenu imezidi, ardhi inamomonyoka, na matope yanaweza kujaza bwawa kubwa linalojengwa kwenye mto Colorado. Msimamizi wa mpango huo alikuwa John Collier, mkuu wa idara ya mambo ya wenyeji, mtu ambaye kwa mambo mengine alijulikana kama mtetezi wao. Kondoo na mbuzi wakapunguzwa kwa maelfu. Wengine walipigwa risasi palepale na kuachwa waoze, kwa sababu kuwaswaga hadi kwenye reli kulikuwa na gharama. Sehemu kubwa ya mifugo hiyo ilikuwa mali ya wanawake, ambao katika mikutano hawakuulizwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 mifugo ya Wanavajo ilikuwa imepungua takriban nusu, na uchungu wake haukuisha katika kizazi hicho.

Dalili ileile, hesabu ileile, dawa ileile, miaka ileile. Tofauti ni kwamba Wakamba waliweza kuisimamisha. Na kwa sababu waliisimamisha, sisi tunaweza kuangalia kilichofuata na kuuliza: je, wataalamu walikuwa sahihi? Ardhi ilikufa kweli?

Fanya juu

Haikufa. Hapa ndipo pananifurahisha.

Mambo hayakunyooka mara moja, na si vizuri kuyapamba. Baada ya vita vya pili serikali ilirudi na mpango mwingine, safari hii wa kuchimba matuta ya kuzuia maji, na sehemu kubwa ilikuwa kazi ya lazima chini ya machifu. Watu waliichukia. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi waliyaacha matuta yajifie, kwa sababu yalinuka ukoloni.

Lakini baada ya miaka michache kitu kikabadilika. Watu wale wale walianza kuchimba tena, bila kupigiwa filimbi. Waliona kwamba shamba lenye matuta linashika maji na kutoa mahindi hata mvua ikiwa ya wasiwasi. Kahawa, ambayo wakoloni walikuwa wamewazuia Waafrika wengi kuilima hadi miaka ya 1950, ilihitaji matuta na ikaleta pesa za kuyachimba. Nairobi ilikuwa karibu, inataka mboga na matunda. Na mashamba sasa yalikuwa ya watu wenyewe. Kazi ilifanywa zaidi na vikundi vya mwethya, ule utaratibu wa zamani wa Kikamba wa majirani kusaidiana shamba kwa shamba, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Mkenya Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo wakati huo wa utafiti ilikuwa pamoja na Makueni. Walilinganisha miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980. Idadi ya watu ilikuwa imetoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4. Kwa hesabu ya Maher, hapo ingebaki miamba mitupu. Kumbe thamani ya mazao kwa kila kilomita mraba ilikuwa imepanda zaidi ya mara kumi, na kwa kila mtu kama mara tatu. Mwaka 1991 zile picha za 1937 zilipigwa tena, mahali palepale. Vilima vipara vilikuwa na miti, nyua na matuta, ngazi juu ya ngazi.

Wapo waliowapinga watafiti hao, na hoja zao zina uzito. Walisema waliofaidika zaidi ni wenye mshahara wa mjini, kwamba maskini waliuza ardhi wakasukumwa kwenda kwenye ukavu, na kwamba udongo wa baadhi ya mashamba umechoka hata kama haumomonyoki. Yote hayo ni ya kweli kwa anayeishi hapa na kutazama. Lakini hakuna aliyerudi kusema kwamba Machakos imekuwa jangwa.

Na kuna zawadi ndogo ya lugha. Aina moja ya tuta lililoenea hapa huchimbwa hivi: unakata mfereji kwenye mstari wa usawa wa kilima, na udongo unautupa upande wa juu. Unapanda nyasi za mifugo juu ya ule ukingo ili zishike. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unazuiwa na ukingo, na baada ya miaka shamba lenyewe linajisawazisha kuwa ngazi. Ukitupa udongo upande wa chini ni kazi rahisi zaidi, lakini ngazi haijengeki vizuri. Ya kwanza inaitwa fanya juu, ya pili fanya chini. Fungua mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi udongo, umeandikwa Kiingereza, na utakuta pameandikwa "fanya juu", hivyohivyo, bila tafsiri. Sisi tunahangaika kutafuta Kiswahili cha maneno ya kompyuta. Hapa neno lilikwenda upande mwingine.

Na sisi je?

Hapa Machakos, na kule Konza kunakojengwa mji wa teknolojia kwenye uwanda uliokuwa malisho, kila mwaka wanakuja watu na mipango ya kumsaidia mkulima kwa simu, kwa setilaiti, kwa data. Mingine nimeifanyia kazi kwa mkono wangu, na mingi ina nia njema. Colin Maher naye alikuwa na nia njema. Hakudanganya kuhusu makorongo, yalikuwepo.

Kilichokosekana ni kwamba waliosanifu dawa hawakumhesabu mwenye ng'ombe kama mtu mwenye habari. Yeye alijua kuhusu Yatta. Alijua kuhusu karantini. Alijua kwa nini mtu aliyenusurika na njaa hawezi kuuza ng'ombe wake wa mwisho. Habari zote ambazo hesabu ilizikosa zilikuwa kichwani mwake, na ilibidi atembee kilomita 65 na kukaa wiki kadhaa chini ya jua ili mtu amsikilize. Na watu haohao waliotajwa kuwa chanzo cha uharibifu ndio waliokuja kuuponya udongo, walipoona faida yake na kuwa na uhakika kwamba hautachukuliwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu ya "kuboresha" maisha ya mtu, nenda ukaone shamba lake. Muulize alitoka wapi kufika hapo. Kama una nyanya au babu hapa Ukambani, muulize pia kuhusu mwaka wa ng'ombe kupigwa chapa na habari alizosikia kwa wazazi wake. Waliotembea wenyewe karibu wote wamekwisha, na waliosimuliwa na wao wanakwisha. Andika anachokwambia, na uhifadhi nakala mbili.

Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.